UZI: Wapenzi wa vitabu Lamu na Malindi, wewe uliingiaje kwenye aina ya kitabu ambayo si yako?

NahodhaMchovu (mwanzisha uzi, Lamu)

Wadau salama. Uzi huu ni wa watu wa vitabu walioko Amu (yaani Lamu), Malindi na hapo katikati, Witu, Garsen, Gede, yeyote anayemaliza kitabu akabaki hana wa kumwambia. Kazi yangu ni boti, navusha watu Mokowe na Amu, na mwenye kuijua kazi hii anajua kusubiri ni kwingi kuliko kwenda, basi la Mombasa likichelewa unakaa jeti jua lakupiga na simu haina chaji. Ndo nikawa msomaji.

Langu ni upelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla namjua kama jirani, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (kimetoka 1960, kimewazidi umri wengi humu) hadi Kisima cha Giningi, halafu nikavuka nikaingia kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Bwana Msa yeye ni kiko na akili, hana haraka, hawa wengine wawili ni bastola na ndege na mabibi wazuri, yaani ni upelelezi wote lakini usomaji wake si mmoja.

Sasa kilichonileta. Tuna kikundi, tunakaa Mkunguni mbele ya ngome baada ya isha, tunazungushiana vitabu. Kuna kimoja cha upelelezi, jina nalihifadhi, kilitufikia kurasa za mwisho hazimo, ama mchwa ama mtu kafungia njugu, Mungu ajua. Tukakisoma wote hivohivo. Wallahi sijaona kitabu kikijadiliwa namna ile! Fundi cherehani kashikilia muuaji ni mlinzi wa mlango, mama mmoja muuza samaki akasema nyie hamjui kusoma, muuaji ni ndugu wa marehemu kwa sababu alitaja barua kabla hajaambiwa kuna barua, tukawasha tochi ya simu, ukurasa ukasomwa kwa sauti, ukasomwa tena, na kweli barua ametaja. Fundi akasema labda mwandishi kasahau. Pakawa hapatoshi.

Wiki ya pili mtu akaleta utenzi, tukaanza kuuchambua vilevile, kimya. Watu wanaangalia maji. Nikaanza kufikiri kwamba tatizo si utenzi, ni kwamba tuliujibu kama kitabu cha upelelezi. Na shuleni ndo ilikuwa mbaya zaidi maanake tulipewa namna moja ya kujibu vitabu vyote, taja dhamira, eleza sifa za mhusika, toa mifano minne, riwaya hivyo, tamthilia hivyo, shairi hivyo. Mi naona kila aina inataka ijibiwe kivyake na ukiipata ile namna ndo mlango unafunguka. Haya, nyie mnasemaje? Uliingiaje kwenye aina ngeni, na ulikijibu vipi hicho kitabu?


BintiSiyu

Kaka Nahodha umegusa penyewe. Mimi ni mtu wa riwaya, Utengano ya Said Ahmed Mohamed nimeisoma mpaka jalada likang'oka, na Adam Shafi simuachi. Tenzi niliziona ni za bibi tu.

Chuoni tukapewa Utendi wa Mwana Kupona, mhadhiri akataka insha, je unamkandamiza mwanamke au haumkandamizi. Darasa zima tukaukaanga. Ati mume akilala usimshtue, mkande, mpepee, sijui nini. Nikapata alama nzuri tu. Likizo nikaja nyumbani nikamuomba nyanya anisomee, akausoma kwa mahadhi yake bila karatasi, nami ndo nikasikia kitu ambacho kwenye fotokopi nilikiruka, kwamba huyu mama anayesema ni mgonjwa. Anamwita bintiye Mwana Hashima aje na karatasi na wino, ana maneno anataka kumwachia. Ni 1858, mumewe Sheikh Mataka wa Siyu ameshafariki, na yeye mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Nyanya akifika kwenye dua za kuwaombea watoto sauti yake inashuka na hakuna mtu chumbani anayekohoa. Fotokopi haikukupa hiyo.

Na kabla hamjaniambia nimerudi nyuma, pale pa kumkanda mume nyanya alisita akacheka, akasema hayo ni ya wake wa masultani, babu yako alikuwa akinikanda mimi. Yaani hata yeye hauchukui wote kama amri, anaujibu papo hapo akiusoma. Sisi tulioandika insha ndo tuliushika neno kwa neno.


KijanaWaShela

Dada heshima yako lakini tenzi zinalaza. Mi nasoma fantasia za Kizungu kwenye simu, mazimwi, falme, vita, vitabu vinene vya mfululizo. Kiswahili hakina hivyo vitu tusidanganyane. Ukisema riwaya ya Kiswahili ni msichana kaenda mjini kaharibika basi.


BintiSiyu

We kijana wa Shela unakaa jirani na Fumo Liyongo unatafuta mazimwi Ulaya? Jitu lenye nguvu linafungwa gerezani, mama yake anampikia mkate na ndani ya mkate kuna tupa, kijakazi Saada ndo mbebaji, Liyongo anatunga wimbo wa gungu watu wapige matwari na kuimba nje kwa kelele ili askari wasisikie akikata minyororo. Halafu hafi kwa mkuki wala mshale, ana siri moja ya mwili wake, na anayetumwa kuipeleleza ni mwanawe mwenyewe. Sikumalizii. Muhammad Kijumwa wa hapahapa Amu aliuandika utenzi wake 1913. Huo usome usiku mmoja, usisome beti tano tano kama darasani.


Mwalimu_Mld

Wanangu nawasalimu kutoka Malindi. Mimi ni mstaafu, nimefundisha Kiswahili sekondari, kwa hivyo nyumba inayopigwa mawe hapa ni yangu.

Kwanza niwatetee walimu kidogo. Mtoto wa Marafa au Magarini ambaye kwao hakuna kitabu hata kimoja, riwaya ya kwanza kuimaliza maishani ni ile ya kutahiniwa. Nimewaona watoto wakigombania Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, wanataka kujua kama Kongowea Mswahili atampata baba yake. Kijana anatoka Tanga anapanda mpaka Kitale! Mtoto wa Pwani anayesoma safari ile hakuuliza dhamira, aliuliza nauli. Kuna mmoja alichora ramani nyuma ya daftari, akatia na miji ambayo kitabu hakikuitaja. Hilo ni jibu la kitabu na lilikuja lenyewe, mimi sikulifundisha. Baadaye tukamwambia haya sasa toa mifano minne, na ramani haikuwa na alama. Hapo nakubaliana na Nahodha moja kwa moja.

Pili, huyu kijana asemaye Kiswahili hakina bunilizi za ajabu. Umemsoma Katama Mkangi? Mtu wa Kilifi yetu hii, msomi wa sosholojia, serikali ilimtia kizuizini 1986. Walenisi yake ilitoka 1995. Kuna Dzombo, kahukumiwa kifo, lakini badala ya kitanzi anatiwa kwenye chombo cha kuruka kinachotarajiwa kummaliza huko angani, naye anafika ulimwengu mwingine ambako watu wanaishi kwa namna ambayo hajapata kuiona. Ni safari ya anga iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu wa pwani hii, na nina hakika kwenye simu yako haimo.


KijanaWaShela

Sawa mwalimu nimekubali kuzabwa. Walenisi sikuijua kabisa. Lakini swali langu ni moja, kina vita au ni mahubiri?


Mwalimu_Mld

Mahubiri yamo, sikufichi. Mkangi alikuwa na hasira na dunia hii na anataka uione ingekuwaje nyingine. Kuna kurasa watu wa huko wanamweleza Dzombo mipango yao na wewe msomaji unaanza kutafuta chai. Hapo usichambue, BISHANA. Jiulize kila wanachosema kama Malindi kinawezekana. Kitabu cha aina hiyo kinataka mbishi, akikosekana kinalala kweli.


TembezaGede

Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi ni mtembezaji wageni magofu ya Gede, msomaji wa historia tupu, hadithi za kubuni nilikuwa naona ni kupoteza muda manake mtu kajitungia tu, mi ntafanya nini nazo.

Historia mimi naisoma kwa miguu. Nikisoma Kirkman, yule mwanaakiolojia aliyechimba Gede kuanzia 1948 kasema kitu kuhusu msikiti mkuu ama kisima, asubuhi nakwenda nasimama pale na kitabu. Kuna mambo unakuta ameona na kuna mambo unasema mzee hapa ulikuwa na haraka. Vilevile Habari za Pate, ile historia ya kale ya masultani wa Pate, ukiisoma halafu ukasoma Mark Horton alivyochimba Shanga miaka ya themanini akakuta misikiti ya mwanzo ya karne ya nane, unaona hawa wawili wanazungumza mambo tofauti, mmoja anakwambia nani alitawala, mwingine anakwambia watu walikula nini na walijenga kwa nini, na mara nyingine hawasikizani kabisa. Mi sijui mtu anasomaje historia amekaa kitini anaitikia ndiyo ndiyo. Inasomwa na kalamu mkononi na shaka.

Kilichonitoa huko ni mgeni mmoja kuniachia Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel 2021, kwa Kiingereza ni ya 1994 na Ida Hadjivayanis akaitafsiri Kiswahili 2022. Mtoto Yusuf anapelekwa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, anaambiwa ni ami yako, halafu anaingizwa kwenye msafara wa bara. Nikaanza kuisoma kwa kalamu kama kawaida yangu, nasaka makosa, misafara ilibeba nini, hongo kwa machifu ilikuwaje, Wajerumani wamefika wapi. Nimeandika andika pembeni weee, mpaka nikafika mahali nikagundua kalamu iko sikioni na nimesoma sura nzima sijaandika kitu, nataka tu kujua huyu mtoto watamfanyaje. Vitabu vya historia vya misafara ninavyo, vina idadi ya pembe na majina ya wenye mali. Yule mtoto wa rehani usiku analala wapi na anaogopa mbwa gani, hakuna kilichoniambia.

Kwa hivyo jibu langu kwa Nahodha, mi niliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia kitu ninachokijua tayari. Mpenda historia mpe riwaya ya kihistoria. Usimpe mapenzi siku ya kwanza, atakimbia.


MamaMaandazi_Mld

Mapenzi yamefanya nini tena? 😂 Naona mumejipanga wasomi hapa na mtu wa mapenzi hajathubutu kufungua mdomo basi nifungue mimi.

Mi nasoma hadithi za mapenzi na siombi msamaha. Nilianza na vya Zainab Burhani, Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa, vitabu vya miaka ya themanini hivyo, dadangu mkubwa alikuwa navyo, tukivificha chini ya godoro wakati hata hakuna baya ndani. Siku hizi nasoma za WhatsApp, zile za kutoka Tanzania, unatumiwa sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure, mwanamke kashika simu ya mume wake, ameona ujumbe, moyo ukampasuka paaa... ITAENDELEA. Lipia upate sehemu ya kumi na moja. Na nalipa! Saa kumi alfajiri nakanda unga simu imeegemea ndoo.

Sasa hizi zinajibiwaje, kwa umbea. Tuko kundi la wanawake tunazisoma pamoja, kila sehemu ikitoka tunaisengenya kama jirani yetu. Yule wifi tulimtukana wiki nzima. Halafu katika kumtukana mmoja wetu akasema kwangu mimi ndo hivyo hivyo, na mazungumzo yakageuka yakawa si ya hadithi tena, ni yake, na tukakaa naye. Mngempa riwaya ya tuzo asingesema.

Ila nina lalamiko, mwandishi akishaona mnalipa anarefusha. Mtu alipigwa risasi sehemu ya ishirini mpaka ya arobaini bado yuko wodini.


NahodhaMchovu

😂😂 Mama Maandazi huyo wa wodini ni mgonjwa au ni mpangaji.

Ila umesema kitu kikubwa na mi nakiweka hapa wasije wakakipita: kusengenya wahusika ni kusoma. Yule muuza samaki wetu aliyemnasa ndugu wa marehemu kwa ile barua alimnasa hivyohivyo, alisema huyu mtu namna anavyozungumza simuamini. Tulioshika tarehe na saa hatukuiona.

TembezaGede, Peponi tunaitaka Amu. Tutazungumza.


KijanaWaShela

Nami nichangie basi nisiwe wa kuuliza tu. Kwa fantasia kuna The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mtu wa Mombasa, ilitoka 2021. Binti anaitwa Aisha, babake mvuvi kapotelea baharini, anamfuata kwa chombo cha mifupa akiwa na paka anayezungumza. Ni Kiingereza lakini Mombasa yote imo, mabibi wanaotaka kumuozesha, kunguru, uchawi. Niliisoma nikashangaa kwamba bahari ya kwenye fantasia inaweza kuwa ni hii yetu, hizo nyingine nilizozoea ni theluji mwanzo mwisho, unasoma watu wanagandwa na baridi na wewe una feni la meza.


BintiSiyu

Ukiisoma hiyo unganisha na The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya 2019, hiyo imeanzia kisiwa changu kabisa, Pate. Mtoto Ayaana asiye na baba anajichagulia baba mwenyewe, mzee Muhidin, kisha habari ya mabaharia wa Kichina wa zamani waliozama huku inamfikisha mpaka China.

Kusoma kitabu kuhusu kwenu ni kazi nyingine lakini. Sura za mwanzo nilikuwa kama askari wa forodha, kila neno nalipekua, hili sisi hatusemi hivi, hapa upepo haupigi hivi. Mwandishi si mtu wa kisiwani na nilimngojea akosee. Nyanya sikuweza kumsomea maanake ni Kiingereza, nikawa namhadithia jioni kwa maneno yangu. Yeye hakutaka habari za upepo, alitaka kujua yule mama wa mtoto watu wa mji walimtendea nini. Nikarudi kusoma na swali lake, na kitabu kikabadilika. Kina maneno mengi, ningempunguzia mwandishi kurasa kadhaa huko kati, lakini Muhidin nitakuwa naye siku zote. Ningependa kukiona kwa Kiswahili siku moja, tena chenye Kiamu na Kipate ndani.


Kombo_wa_Ngomeni

Nasoma kimyakimya tangu juzi. Mna majibu ya kila kitu, haya nisaidieni Nagona ya Kezilahabi. Nimeianza, nimeiacha, nimeianza. Nilipenda sana Rosa Mistika ambayo waliwahi kuipiga marufuku shuleni Tanzania, nikadhani ni mtu yuleyule. Nagona sielewi mtu anakwenda wapi, anatafuta nini, mji umekufa, wanafalsafa wa Ulaya wanatokea, mimi ni mvuvi bwana.


Mwalimu_Mld

Mwanangu Kombo ni mtu yuleyule lakini amepita njia ndefu. Rosa Mistika ni 1971, Nagona ni 1990, na Mzingile iliyofuata 1991. Katikati hapo alishaacha kuamini kwamba hadithi lazima itembee kutoka jambo hili hadi jambo lile. Sikupi ufunguo maana wahakiki wenyewe wanavutana.


NahodhaMchovu

Kombo, sisi Mkunguni tuliijaribu. Ni kijitabu chembamba, usidanganyike na unene. Tulichofanya, tuliacha kuuliza maana. Mmoja anasoma ukurasa kwa sauti, kila mtu anasema kilichomjia, hata kama ni ndoto aliyoota utotoni, hakuna kusahihishana. Fundi cherehani, huyuhuyu wa mlinzi wa mlango, akasema huu ni mtu aliyekufa anatembea na hajui amekufa. Sijui kama ni kweli na sikujali, kuanzia hapo kila ukurasa ukawa unatisha kwa utamu. Kuna mwingine alikataa, akasema mwandishi anatucheza shere, akaenda zake kunywa kahawa, na yeye pia nampa haki yake. Vitabu vingine unaruhusiwa kuviacha. Kwa upelelezi kutoelewa ni hasara, kwa Nagona naona kutoelewa ndo bahari yenyewe, na wewe ni mvuvi.


Mwalimu_Mld

Hamjagusa mashairi. Tenzi mmegusa, lakini shairi fupi la tarbia, lenye mistari minne kila ubeti, halijasemwa, nami siwezi kunyamaza.

Pwani hii shairi hujibiwa kwa shairi. Muyaka, mshairi wa Mombasa enzi zile za utawala wa Mazrui, anawatupia watu wa Amu, na wa Amu wanarudisha. Amu yenyewe uchaguzi mdogo wa 1975 ulipiganwa kwa mashairi kwenye kaseti, Ustadh Mahmoud Mau akiwa kijana bado alitunga yaliyoitwa Kimwondo, na wapinzani wakatunga yao. Kabla ya hapo, 1974, alitunga Wasiya wa Mabanati kuwaonya mabinti, nao ulisambaa kwa kaseti, watu wakausikia jikoni na dukani kabla ya kuuona umeandikwa. Nawaambia haya wanaosema kusikiliza si kusoma.

Na kuna shairi lisilokuwa na wa kulijibu. Abdilatif Abdalla alikamatwa mwishoni mwa 1968 kwa karatasi yake ya kuikosoa serikali, Kenya Twendapi, kijana wa miaka ishirini na kitu tu, akafungwa, na Sauti ya Dhiki aliiandika humo ndani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Nilipokuwa nafundisha mashairi yale nilianza kwa vina na mizani kama mtaala ulivyotaka. Mwaka mmoja mwanafunzi aliniuliza, mwalimu, kama karatasi ni ya chooni na wino ni wa kuiba, kwa nini ajisumbue na vina? Tukatumia kipindi chote hapo. Wengine walisema vina vinamsaidia kukumbuka wakimnyang'anya karatasi. Mmoja alisema ni kwa sababu vina ndicho kitu pekee ambacho askari hawezi kukufungia. Sikuwahi kufundisha mizani vizuri kama siku ile.


TembezaGede

Mwalimu ningesoma kwako ningekuwa mtu mwingine.


MamaMaandazi_Mld

Haya sasa maneno mazuri tumeyasikia, vitabu vinapatikana wapi na bei gani? Maana vya zamani mnavyovitaja duka la Malindi ukiuliza unaletewa cha kutahiniwa.


NahodhaMchovu

Kwa hapa kwetu ni tatu. Moja, agiza Nairobi ama Mombasa kiletwe na basi kama paseli, cha Amu shusha Mokowe, boti ntakuchukulia bure mradi nami nipate kukisoma. Mbili, vya mitumba, uliza wazee wenye masanduku, vitabu vingi vya miaka ya sabini viko kwa walimu wastaafu na watoto wao wanavitupa wakihamia bara. Tatu, humuhumu tuzungushiane. Watu wa pidiefu nawajua, kwa kitabu ambacho hakichapwi tena sina la kusema, kwa mwandishi aliye hai mnunulie jamani, hata mwandishi wa mtu wa wodini analipwa.

Na kwa wanaopenda hati za kale, miswada ya Msikiti wa Riyadha wa hapa Amu ilipigwa picha kwa mradi wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, unaweza kuifungua kwenye intaneti. Mingi ni Kiarabu, lakini kuangalia mkono wa mtu aliyenakili kitabu kizima kwa kalamu ya mwanzi ni darasa peke yake.


Kombo_wa_Ngomeni

Walenisi nani anayo? Nakuja Malindi Jumamosi kuuza pweza.


Mwalimu_Mld

Ninayo. Usiiweke kwenye ndoo moja na pweza.


KijanaWaShela

Mwalimu akimaliza Kombo mimi ndo nafuata, tafadhali muandikeni. Na BintiSiyu, Liyongo nimemaliza jana usiku. Yule mtoto wake nina maneno naye.


BintiSiyu

Yaandike hapa. Tena ukiweza yaandike kwa beti.